Jumamosi Kumi na Mbili: Timu ya Mtaa na Watoto wa Mtaa

Ndugu makapteni, makocha, na wazazi mliofuatana na vijana wenu, asanteni kwa kufika.

Nianze na picha mnayoijua. Timu imevaa jezi, bajaji imepakia biskuti, sabuni za mche na katoni mbili za juisi. Mnafika kituo cha watoto, wanapangwa mstari, picha zinapigwa, saa sita mchana kila mtu yuko kwao. Sisemi ni dhambi. Lakini walezi wa vituo wanaujua mwendo huo: Ramadhani na Desemba sabuni zinajaa stoo, Machi maharage hakuna. Tena wapo watoto ambao hawako kituoni kabisa. Wako kwa bibi zao, nyumba ya tatu kutoka uwanjani, na bajaji ile iliwapita.

Timu ina kitu ambacho mfadhili wa siku moja hana: watu ishirini na ushei wenye nguvu, wanaokutana palepale kila wiki. Ninachowaomba ni Jumamosi 12 mfululizo, kazi moja ndogo ya kupika uji na kucheza mpira, watoto walewale.

Wenzetu wa Mathare, Nairobi, waliligundua hili mapema. Chama chao cha michezo cha vijana, MYSA, kilianza 1987, na katika ligi zake timu haivuni pointi kwa ushindi tu. Usafi wa mtaa ukikamilika nao unahesabiwa pointi, 6 kwa mara moja, maradufu ya mechi ya kushinda. Kipa asiyetokea kuzoa taka anaishusha timu kwenye msimamo. Kazi imetiwa ndani ya ratiba, haikuachiwa huruma ya mtu.

Sasa, hatua ya kwanza si kununua kitu. Nendeni kwa mtendaji wa mtaa, awakutanishe na afisa ustawi wa jamii na mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani. Orodha ya watoto watoe wao. Timu ikiorodhesha yenyewe, wiki ya pili mnakuta wamejaa wadogo zao wachezaji. Si wizi, ni ubinadamu, ila mtoto asiye na kaka kwenye timu ndiye hasa mnayemtafuta. Orodha ikiwa na watoto 25, pikeni kwa ajili ya 40, na waalikeni majirani zao pia. Hapo hakuna atakayenyooshewa kidole kuwa huyu ndiye yatima. Na tafadhali, neno hilo lisipite kwenye kipaza sauti.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo wachezaji wenu wengi nao ni watoto: wazazi wao wakubali kwa saini. Mtu mmoja asibaki peke yake na mtoto, chooni, chumbani wala kwenye pikipiki. Sura za watoto zisipigwe picha. Mtoto akikwambia anapigwa au anashikwashikwa nyumbani, usimhoji, usiende kugombana na mjomba wake. Piga 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Tuje kwenye sufuria, maana hapa ndipo timu nyingi zinapoaibika.

Watoto 40, kikombe cha mililita 300 kila mmoja: hizo ni lita 12 za uji. Sufuria liwe la lita 20. La lita 15 litafurika mara tu uji ukianza kutokota, na jiko litazimika. Chukueni maji lita 13, kwa sababu mengine yatapotea kwa mvuke. Unga wa ulezi au dona kilo moja na robo, karanga zilizosagwa nusu kilo, sukari nusu kilo, chumvi kidogo. Tengeni lita 3 za maji ya baridi mkorogee unga mpaka mabonge yaishe. Lita 10 zifunikwe zichemke kweli kweli, ndipo mmimine ule mkorogo taratibu, mmoja anamimina, mwingine anakoroga bila kupumzika. Tangu utokote, hesabuni dakika 25. Karanga zinaingia dakika kumi za mwisho, sukari baada ya kuepua. Kosa la kawaida ni kutia unga kabla maji hayajachemka, kwa haraka ya kuwahi mazoezi: chini unaungua, juu unabaki mbichi, na watoto wanarudi nyumbani matumbo yakiunguruma.

Karanga zichambuliwe kwa mkono, moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu itupwe, wala msimpe kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Waulizeni walezi kama kuna mtoto anayedhurika na karanga. Na ule unga wa lishe wa nafaka kumi unaosifiwa sana sokoni, mimi siupendi. Nafaka haziivi kwa muda mmoja, na soya ikisagwa bila kuchemshwa au kukaangwa inasumbua tumbo.

Vikombe viwe 40. Timu ikija na 20, vinasuuzwa kwenye ndoo moja mpaka maji yanakuwa meupe kama maziwa, na mtoto mmoja mwenye kuhara anawagawia wote. Kwa mikono, tengenezeni kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililokuwa na mafuta ya kula (kamwe lisiwe la dawa ya mimea), tundu dogo la msumari uliopashwa moto, kama sentimita 12 chini ya mfuniko, linaning'inizwa kati ya nguzo mbili na kuvutwa kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyagia. Tundu likiwa pana, dumu linakauka kabla ya mtoto wa kumi. Sabuni itobolewe ifungwe kamba, la sivyo itahama.

Baada ya uji subirini nusu saa, ndipo mpira. Watoto wa miaka 6 hadi 8 wapewe mpira mdogo, namba 3, siyo namba 5 yenu iliyojazwa upepo mpaka inalia kama jiwe. Wanne kwa wanne, uwanja mdogo, kila mmoja auguse.

Fedha zishikwe na mtu asiye kocha wala kapteni. Shilingi 1,000 kwa kila mchezaji kwa wiki, wachezaji 22, ni 22,000; daftari lioneshe aliyetoa, kilichonunuliwa na kilichobaki, na lisomwe kwa sauti kabla ya mazoezi. Michango hulegea ligi inapoanza. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi ya kwanza tazameni ratiba, mgawanyike makundi matatu, na kila kundi lijue Jumamosi zake nne kwa tarehe. Siku ya mechi ya ugenini, kundi la zamu halisafiri. Kocha akisema hawezi kumwacha mshambuliaji wake, basi abadilishwe zamu Jumatano, isiwe Ijumaa usiku, kwa sababu karanga zinatakiwa ziwe zimeshachambuliwa.