Joto Kali: Namna ya Kuupoza Mwili na Kumwokoa Aliyezidiwa

Karibuni watazamaji. Siku hizi misimu haitabiriki: joto linaingia mapema, linakaa muda mrefu, na usiku nao hauleti nafuu. Hili la mapema ndilo ninaloliogopa zaidi, maana mwili huchukua kama wiki moja hadi mbili kulizoea. Siku za mwanzo punguza kazi za juani, kisha ongeza kidogo kidogo.

Tuanze na nyumba. Asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, funga madirisha yanayopigwa na jua na ushushe mapazia. Ukiweza kutundika shuka upande wa nje wa dirisha ni bora zaidi, kwani joto linazuiwa kabla halijapita kwenye kioo. Jioni, nje kukishakuwa na ubaridi kuliko ndani, fungua madirisha ya pande zote upepo upite.

Sasa feni. Feni haipozi hewa. Inakausha jasho, na jasho likikauka ndipo mwili unapopoa. Hewa ikizidi nyuzi 40, feni inakupulizia joto tu, hivyo izime utumie maji. Chukua kitambaa, kiloweshe, kikamue hivi, kisichuruzike. Pitisha shingoni, mikononi, miguuni. Usijifute na taulo! Acha unyevu ukauke wenyewe juu ya ngozi.

Ukiwa kazini juani, kunywa kikombe kimoja cha maji kila baada ya dakika 20 hivi, usingoje kiu. Usipitishe lita moja na nusu kwa saa, kwa sababu maji mengi kwa mkupuo hushusha chumvi mwilini. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari wake kiasi kinachomfaa.

Sehemu inayofuata naomba uitazame mara mbili. Mtu akilalamika kizunguzungu, kichefuchefu na kuumwa kichwa huku jasho linamtiririka, mpeleke kivulini, mlaze, mpe maji anywe taratibu. Lakini akianza kuweweseka, kujibu ovyo, kupata degedege au kupoteza fahamu, joto limeshafika kwenye ubongo. Hiyo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho.

Mmoja apige simu kuomba msaada, mwingine aanze kumpoza palepale. Usisubiri gari. Mvue nguo za juu, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, mpepee kwa nguvu kwa kipande cha boksi, kama hivi. Barafu ikiwepo, ifunge kwenye kitambaa uiweke kwapani, shingoni na kwenye kinena. Asiyejitambua mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni. Paracetamol haisaidii hapa, hii si homa ya maradhi. Maji yakikauka mwilini mwake, mmwagie tena, na msiache kumpepea mpaka wahudumu wa afya wampokee.