Mtoeni Mtu Mmoja, Muangalie Saa

Maafande, wakufunzi, na wenyeji wetu wa Kigoma: nitarudia lile lile mpaka lifanyike. Gwaride halipimi ustahimilivu wa kikosi. Buti zinang'aa, silaha zimetimia, na bado hujui platuni itakuwaje siku sajini wake akianguka.

Chukueni platuni ya watu 30, zoezini, usiku, bila taarifa. Mwamuzi amguse bega mtu wa redio: umejeruhiwa, kaa hapa, usiseme neno. Saa ianze. Andikeni kazi imeshuka kiasi gani, imechukua dakika ngapi kurudi, na imerudi nzima au nusu. Saa isisimame redio inapowaka! Isimame ujumbe ukifika kombania, yaani kikosi kilicho juu ya platuni, na jibu likamfikia kamanda wa platuni. Hapo wengi hujidanganya. Taa inawaka, wanashangilia, kumbe aliyeishika hajui masafa ya redio ya akiba. Au betri ya pili ipo, imefungiwa sandukuni, na ufunguo uko mfukoni mwa yule yule majeruhi.

Mtaniambia kila nafasi ina kaimu, jina liko kwenye orodha. Sawa, lakini amewahi kubadili betri ile gizani, mvua inanyesha? Na mkubwa akiingilia kuelekeza, futeni kipimo. Mmempima yeye, kikosi hamjakipima.

Anayeona haya ni ya vitabuni akumbuke meli ya Ziwa Tanganyika hili. Julai 26, 1916 Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe isitekwe, ila kwanza mafundi wakazipaka injini grisi nene. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi wale ndio walioiunganisha hapa hapa Kigoma. Walijua kipi kikioza hakuna kurudi. Kila kombania iwe na orodha fupi ya vitu vya namna hiyo, na waiandike makoplo wanaovishika kila siku.

Muda unaniishia. Chakula, usingizi na habari za nyumbani navyo vipimwe, leo siviingii. Tathmini ifanyike kabla watu hawajalala, wa cheo cha chini waanze: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, tubadili nini. Kisha rudieni jaribio baada ya wiki chache, nafasi ile ile, mkimtoa na kaimu wake pia.