Kunyanyua Land Cruiser Nyumbani: Anza na Uzito

Habari za asubuhi, ndugu zangu, na asanteni kwa kufika mapema. Nimeombwa nizungumzie kazi ya kunyanyua gari: kufunga springi na shokapu ndefu (shokapu ni ile bomba inayotuliza mruko wa springi) nyumbani, uani kwako, kwa mikono yako mwenyewe. Nitashika gari moja tu ili tusitawanyike, Land Cruiser ya familia ya 70, ile ambayo mafundi wa Arusha wanaikata paa na kuigeuza kuwa gari la watalii. Familia hii ilianza mwaka 1984, na tangu 1999 modeli za kazi nzito zina koili springi mbele, yaani chuma kilichozungushwa, na springi za bapa nyuma, yaani vyuma bapa vilivyopangwa tabaka. Ukilifahamu gari hili umefahamu mifumo miwili kwa mpigo.

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Fundi, ninyanyue inchi ngapi?" Mimi huuliza kwanza gari linabeba nini kila siku. Springi haijui inchi, springi inajua kilo. Ile seti unayouziwa kama ya milimita 50 inatoa hizo 50 kwa uzito iliyotengenezewa tu. Ifunge kwenye gari tupu wakati imeundwa kwa gari lililojaa, itanyanyuka kupita kiasi na kukurusha kama umekaa juu ya jiwe. Ifunge springi laini kwenye gari lenye bampa la chuma, winchi ya kujivutia ukikwama, betri mbili na kontena la maji, na baada ya muda mfupi gari limerudi pale pale lilipokuwa.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika. Lita 100 za dizeli ni kama kilo 84. Lita 60 za maji ni kilo 60. Watu, mahema, jokofu, tairi mbili za akiba, jeki ndefu. Tenganisha vile ambavyo havishuki kamwe, kama bampa na winchi, na vile vinavyopanda siku ya safari tu. Springi inachaguliwa kwa mzigo wa kudumu. Ukipata mizani ya magari, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Hapo ndipo uende dukani.

Na tuelewane jambo jingine mapema. Springi ndefu hainyanyui difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli imekaa juu ya tairi. Kinachopanda ni chesisi, bodi na tenki. Ukitaka difu ipite juu ya jiwe, ni tairi kubwa itakayokusaidia, na hata hiyo inakupa nusu tu: tairi iliyoongezeka milimita 50 kwa kipenyo inainua difu milimita 25. Faida ya springi ni nafasi ya tairi kucheza ndani ya matao ya magurudumu, pembe nzuri ya kuingia na kutoka korongoni, na ekseli kuwa na mwendo mrefu zaidi. Ni faida kubwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua inapokuwa imenyesha, pale matairi ya malori yamechimba mifereji na tumbo la gari linaburuta. Ila ujue unanunua nini. Bodi ikipanda, uzito nao umepanda, na gari litalala zaidi kwenye kona. Kwa gari la barabarani na la safari mimi nasimama kwenye milimita 50 na siwashauri watu wapite hapo.

Sasa kazi yenyewe. Sakafu iwe ngumu na sawa. Ua wa mchanga haufai. Kabla hujagusa nati yoyote, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao juu yake, pande zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Na hapa naomba mnisikilize vizuri sana: handbreki ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma. Ukishayainua hayo ya nyuma, handbreki haishiki chochote ardhini. Ni kabari za mbele pekee zinazolizuia gari lisitembee. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki. Stendi nzito chini ya chesisi, kila upande, kisha lisukume gari kwa nguvu ukiwa nje uone kama linatikisika. Vijana wamefia chini ya magari kwa sababu ya kuokoa dakika tano.

Mbele ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chesisi ikiwa juu ya stendi na jeki ya pili ikiwa imeshika ekseli, unafungua shokapu, unafungua viungo vya stabiliza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, unaachia kishikizo cha mpira wa breki, halafu unashusha ekseli taratibu. Koili inalegea, unaitoa kwa mkono. Lakini mtu wa pili akae akitazama mipira ya breki na mpira mwembamba wa hewa wa difu wakati ekseli inashuka. Mpira wa breki ukikaza kama uzi wa gitaa, simama hapo hapo. Seti ya kunyanyua isiyokuja na mipira mirefu, au vishikizo vya kuishusha, haijakamilika. Unaporudisha koili mpya angalia mkia wake umekaa kwenye kituo chake, na usome alama: seti nyingi zina koili tofauti ya upande wa dereva.

Nyuma kuna jasho zaidi. Bolti za springi za bapa zimekaa miaka na kutu, na hazitoki kwa hasira. Zipulizie mafuta ya kulegeza siku moja kabla. Zile yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli, zikitoka hazirudi. Chuma chake kilishavutwa kilipokazwa mara ya kwanza, na ukikikaza tena hakishiki kama mwanzo. Yu-bolti ikilegea, senta bolti, ile inayoshika vyuma vya springi pamoja katikati, inabeba mzigo ambao si wake, inakatika, na ekseli inatembea kurudi nyuma ukiwa kwenye mwendo. Nunua mpya, kaza kwa msalaba kidogo kidogo, malizia na spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu cha gari, na urudie kukaza baada ya kilomita 500 hivi.

Kuna hatua moja ambayo hata gereji nyingi huiruka, nami naiona ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na mbaya. Bushi za mpira, yale mapete ya mpira yenye bomba la chuma ndani ambamo bolti hupita, hazizunguki kama beringi, zinajipinda. Ukikaza bolti yake gari likiwa hewani na ekseli inaning'inia, umeufunga mpira katika hali hiyo. Ukilishusha gari, mpira wote unajipinda na kubaki umejipinda hata gari likiwa limeegeshwa. Baada ya muda utaona ufa mwembamba unaozunguka kando ya bomba la chuma la ndani, halafu vipande vinaanza kutoka. Bolti za bushi ziingize kwa mkono tu, shusha gari kwenye magurudumu yake, litikise likae, kisha ulale chini ukaze. Ni usumbufu, lakini bushi inaishi.

Tukishamaliza springi, kazi bado. Gari limepanda, lakini vile vinavyolishikilia havikuongezeka urefu. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayotoka kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono inainama na ekseli inazunguka nayo. Tuchukue mkono wa mita moja kwa hesabu rahisi: ukiinama milimita 50, ekseli imezunguka karibu nyuzi 3. Kasta, yaani mlalo wa kurudi nyuma wa mhimili ambao gurudumu linageukia, kiwandani yenyewe ni nyuzi chache tu, kwa hiyo umeila karibu yote. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Bila hiyo gari linazurura barabarani, hasa ukipishana na basi kwenye upepo. Dawa yake ni bushi za kurekebisha kasta au mikono iliyoundwa kwa urefu huo mpya. Isiachwe eti gari linaendeshwa.

Rodi ya panhadi, ile inayotoka kwenye chesisi kuzuia ekseli isihame kushoto au kulia, nayo inaivuta ekseli upande kwa milimita chache, na usukani utakuta umekaa kombo. Usukani unanyooshwa kwenye rodi inayotoka kwenye boksi la stelingi, si kwa kuung'oa na kuufunga upya. Na magari yasiyo na ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukibana breki, yana vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Vali hiyo hupima mzigo kwa umbali kati ya chesisi na ekseli. Umenyanyua gari, nayo inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma. Ipandishe kishikizo chake kwa kiasi kile kile ulichonyanyua. Nimeona magari mengi mazuri, yenye vifaa vya gharama, na vali hii haijaguswa.

Mzee pale nyuma ameuliza kuhusu Hilux na Prado. Hizo za miaka ya karibuni, mbele koili imefungwa pamoja na shokapu, imebanwa ikiwa na nguvu ya kumuua mtu. Fungua nyumbani, toa kipande kizima, lakini ile nati ya katikati juu usiiguse. Kipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kubana koili, akubadilishie, urudi ukafunge mwenyewe. Kisha nenda ukapimwe alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, siku hiyo hiyo, na uombe karatasi yenye namba za kasta, siyo kuambiwa tu kwamba gari liko sawa.