Zwart Front: kwa nini mafashisti wa Oisterwijk hawakupata hata kiti kimoja

Habari za huko nyumbani, wapendwa. Ukitajwa ufashisti wa Uholanzi kabla ya vita, wengi hukimbilia Mussert na NSB yake, chama kikubwa cha mafashisti. Leo tukae na wadogo, Zwart Front, maana kwao ndiko unaona vizuri chama cha namna hii kinakwamia wapi.

Kilizaliwa 1934 kutokana na mabaki ya ANFB, umoja wa mafashisti uliokuwa chini ya Jan Baars, mchuuzi wa sokoni Amsterdam. Arnold Meijer, aliyewahi kusomea upadre, alilichukua tawi la kusini akaweka makao Oisterwijk, Noord-Brabant, katikati kabisa ya Wakatoliki.

Sasa shikeni kalamu, tupige hesabu ya uchaguzi wa bunge wa 1937. Huku Uholanzi si kama Tanzania au Kenya, kwamba anayeongoza jimboni ndiye mbunge. Kura za nchi nzima zinajumlishwa, kisha zinagawanywa kwa idadi ya viti, wakati ule 100. Kura halali zilikuwa 4,058,077, kwa hiyo kipimo cha kiti kimoja kilikuwa kama kura 40,580. Zwart Front walipata 8,178. Hata robo ya kiti haifiki! Na usidhani vyama vyenye kipande tu cha kiti viliokolewa: mwaka 1933 chama kingine cha kulia, Verbond Nationaal Herstel, kiliingia bungeni kwa kura 30,000 na kitu, kwa sababu robo tatu ya kipimo ilitosha. Kufikia 1937 sheria ilidai kipimo kizima.

Lakini kwangu mimi kilichowamaliza hasa ni kanisa. Mkatoliki wa kusini alikuwa na shule yake, chama chake cha wafanyakazi, gazeti lake, redio yake ya KRO, na chama chake cha siasa, RKSP, kilichozoa viti 31 mwaka huohuo. Waholanzi wenyewe waliita mifumo hii nguzo. Meijer angemng'oa wapi mtu aliyezungukwa hivyo tangu ubatizo? Shati jeusi, sare yao, nalo lilikuwa tatizo: tangu 1933 ilikatazwa kuvaa sare za kisiasa hadharani.

Wakabaki kugombania makombo na NSB, iliyopata viti 4. Mwaka 1940 wakajiita Nationaal Front. Desemba 1941 Wajerumani, waliokuwa wameikalia Uholanzi, wakapiga marufuku vyama vyote, wakaiacha NSB peke yake.