Kimathi nyumbani kwetu

Wazee wetu, walimu wenzangu, nanyi vijana mliokosa viti kule nyuma, hamjambo.

Maisha ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya ukoloni, mnayajua: alizaliwa Tetu mwaka 1920, akanaswa Oktoba 1956 na askari Wakikuyu wenzake, akanyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mimi nitasimulia jinsi alivyotajwa nyumbani kwetu, hapa hapa Nyeri.

Guka, babu yangu, alikuwa homgadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali ya kikoloni. Kaka yake aliingia msituni na Mau Mau. Kwa guka, Kimathi alikuwa jambazi, basi. Serikali ilipoeneza ile picha yake akiwa amelazwa kwenye machela, pingu mikononi, nywele zimesokotana, guka aliitia ndani ya Biblia yake. Hakuuliza mbona mtu aliyesemwa kumwaga damu nyingi hivyo alishtakiwa kwa kukutwa na bastola na risasi tu. Kwa sheria za hali ya hatari, hilo lilitosha kumnyonga.

Cucu, nyanya yangu, hakusema kitu. Alikuwa miongoni mwa watu zaidi ya milioni moja waliohamishiwa kwenye vijiji vilivyozungukwa na mitaro yenye vigingi vilivyochongwa. Huko, ulilolinong'ona jioni lilifika kwa homgadi kabla hakujapambazuka.

Baba alikua baada ya Uhuru. Yeye alimwita Kimathi shujaa, kisha akakumbusha kwamba Mau Mau waliua pia Wakikuyu. Hakudanganya. Mauaji ya Lari ya Machi 1953 hayafukiki, wala kisasi cha homgadi kilichofuata usiku ule.

Halafu mambo yakaenda mbio. Mwaka 2003 marufuku dhidi ya Mau Mau ikaondolewa. Mwaka 2007 Rais Kibaki, mtu wa kwetu, akazindua sanamu ya Kimathi Nairobi. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa enzi za Mau Mau. Mara baba mdogo akaanza kusema kwamba guka alikula kiapo cha Mau Mau kisiri, na risasi za msituni zilipitia mikononi mwake! Huenda, homgadi wengi walikuwa wamekula kiapo. Ila habari hiyo ilingoja hadi fidia ianze kutajwa.

Kwa maoni yangu, hakuna aliyegundua jipya kuhusu Kimathi. Tulikuwa tunalinda shamba. Ardhi ilipounganishwa na kuandikishwa miaka ile ya hamsini, aliyekuwa nyumbani alionyesha mipaka yake, na aliyekuwa msituni au kizuizini alionyeshewa na wengine. Kipande cha kaka yake guka, kile cha mtoni, kiliandikwa upande wetu. Siku hizi tukikutana kwa mahari au matanga, pande zote mbili humsifu Kimathi kwa sauti moja. Kipande cha mtoni hakitajwi.

Wajukuu wa upande ule wamo humu ukumbini. Niliwaarifu mapema kwamba nitalisema mbele yenu, na nakala ya hati ya shamba ninayo mfukoni kwa yeyote kati yao atakayetaka kuisoma.