Usiku wa ovataimu sita, na watu niliokaa nao

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Nimeambiwa nina dakika ishirini halafu kuna mechi hapo uwanjani, kwa hiyo mkiona vijana wameanza kupasha nyuma yangu nistueni, maana mimi nikianza stori za Connecticut hata mke wangu huwa anainuka anaenda kukunja nguo.

Mada niliyopewa ni basketi ya vyuo vya Marekani inatufundisha nini. Waandaaji mnisamehe, nimejaribu kuiandika ikawa kama ripoti ya wizara, nikaichana. Nitaongelea watu niliokaa nao jukwaani, basi.

Nilifika Hartford mwaka 2006, kazi yangu ilikuwa kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku, baridi ya kukata masikio. Basketi nilikuwa siijui kabisa, mimi ni mtu wa mpira wa miguu, nimekulia kwenye kibanda umiza cha benchi za mbao na jenereta. Sasa mwaka huohuo kuna kijana wetu mmoja ameingia Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, anaitwa Hasheem Thabeet, futi saba na inchi tatu, mtoto wa hapahapa Dar, kapitia Houston kumalizia sekondari, na mpira wa kikapu wenyewe alianza kuugusa akiwa na miaka 15. Mimi sina habari. Nesi mmoja pale kazini, mama wa makamo, ndio akaniuliza, we si umetoka Tanzania? Nikasema ndio. Akaniangalia juu mpaka chini, mimi nina futi tano na inchi saba jamani (kicheko), akasema, mbona wewe mfupi?

Huyo mama ndiye aliyeniingiza. Yeye na mumewe walikuwa na viti viwili vya msimu, wanavilipia kila mwaka tangu miaka ya tisini, viti vilevile, safu ileile, na sasa mumewe magoti yamegoma kupanda ngazi. Akaniambia njoo ukalie kiti chake, usikiharibu.

Hapa naomba niwaeleze kitu ambacho sisi huku hatukioni haraka. Connecticut haina timu kubwa ya wanaume ya kulipwa. Walikuwa nayo moja ya hoki ya barafu, Whalers, ikawahama mwaka 1997, na nimekutana na wazee wa Hartford ambao mpaka leo ukiitaja wanainamisha kichwa kama umetaja marehemu. Kwa hiyo mapenzi yote ya jimbo zima yamemwagwa kwenye chuo, na chuo chenyewe kiko Storrs, kijijini haswa, kilianza 1881 kama shule ya kilimo, mpaka leo kuna ng'ombe na duka la aiskrimu ya maziwa ya hao ng'ombe, na watu wanapanga foleni kununua aiskrimu Januari nje kuna theluji, sijawahi kuelewa. Mechi nyingine zinachezwa palepale Storrs ukumbi wa Gampel, watu elfu kumi na kidogo, nyingine zinaletwa Hartford mjini ukumbi mkubwa zaidi, enzi zile elfu kumi na sita hivi. Viti vyetu vilikuwa Hartford.

Halafu mchezaji wa chuo anakaa miaka minne, akiwa mkali sana anakaa mmoja anaenda NBA, ile ligi kubwa ya kulipwa. Hasheem alikaa mitatu. Ukimpenda mchezaji ujue unapenda mtu anayepita. Lakini yule mama ana miaka ishirini pale, mzee wa mbele yetu ana thelathini na kitu, bwana wa kushoto alirithi kiti kwa baba yake. Ndio maana ukiwasikiliza hawa watu wakikumbushana mechi, hawaanzi na nani alifunga. Wanaanza, ile siku ambayo yule dada wa kofia ya manyoya alimwagiwa soda. Ile siku ambayo mapacha wa safu ya chini walikuja wamenuniana wakakaa mbalimbali. Mechi inaingia baadaye. Mwanzoni nilikuwa nachoka, nasema hawa wazee vipi, mi nataka matokeo. Baadaye nikaona kwamba kikosi wanachokifuatilia mwaka hadi mwaka ni wao wenyewe.

Mzee wa mbele yetu sasa, huyo nimwongelee vizuri. Alikuwa anakuja na redio ndogo, sikio moja lina waya linamsikiliza mtangazaji, sikio la pili anatusikiliza sisi, na kwenye goti ana daftari na penseli anaandika mechi nzima kwa mkono. Kila bao, kila faulo, kila ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa goli. Hasheem akiupiga kofi mpira wa mtu anayefunga, ndio bloku hiyo, anaandika herufi H kwenye kijisanduku, na ile mechi na chuo cha Providence mwaka 2009 Hasheem alipiga bloku 10, pointi 15, ribaundi 11, ukurasa ule uliishia na H nyingi ukadhani mtoto wa chekechea anajifunza kuandika. Ila pembeni ya ukurasa, kwenye lile eneo dogo la kulia, alikuwa anaandika vitu vingine kwa herufi ndogondogo sana, na mimi kwa muda mrefu nilidhani ni mambo ya faulo.

Februari 2009 UConn walikuwa namba moja nchi nzima, chuo cha Pittsburgh wakaja Hartford kucheza nasi. Mimi nipo, nimevaa skafu ya Tanzania niliyotumiwa na dada yangu, najiona mwenye timu. Pittsburgh walikuwa na jamaa anaitwa DeJuan Blair, mfupi kuliko Hasheem kwa zaidi ya nusu futi lakini mpana kama kabati. Wakashikana wanagombea mpira, jamaa akageuka, Hasheem akapinduka juu ya bega lake akaenda chini. Nawaambia ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia mashine ya bisi kule kwenye korido. Mama akanishika mkono hapa, juu ya kiwiko, hakuangalia uwanjani, alikuwa ananiangalia mimi, akasema mzima, mzima, anainuka. Kama vile ni mdogo wangu wa tumbo moja. Aliinuka kweli, ila Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Hasheem pointi 5, tukafungwa 76 kwa 68. Tunatoka nje bwana wa kushoto, ambaye kwa miaka miwili na nusu hajawahi kunisemesha zaidi ya kuniomba nimpishe apite, akanipa mkono. Pole, akasema. Msiba kabisa.

Na sasa twende kwenye huo usiku, maana naona mnaangalia saa.

Machi 12, 2009, Alhamisi, robo fainali ya mashindano ya Big East, umoja wa vyuo ambao UConn wamo, ukumbi wa Madison Square Garden pale New York, UConn na chuo cha Syracuse. Tiketi hatuna. Mzee wa daftari akatuita kwake, mimi, mama, mume wa mama na magoti yake, bwana wa kushoto. Mechi ikaanza saa tatu na nusu usiku imepita kidogo. Mimi zamu yangu ilikuwa asubuhi na mapema, nimejipigia hesabu saa tano na nusu niko kitandani.

Dakika arobaini zikaisha 71 kwa 71. Ila kabla hazijaisha kuna kijana wa Syracuse, Eric Devendorf, imebaki sekunde moja tu na kitu, mpira umerushwa kutoka mwisho wa uwanja mpaka mwisho mwingine, ukaguswa, ukamkuta, akapiga pointi tatu, ukaingia. Akapanda juu ya meza ya waamuzi anashangilia. Sisi tukainuka, mama ameshavaa koti mkono mmoja, mwenye nyumba ameshafunika penseli. Marefa wakaenda kuangalia televisheni pembeni, wakaangalia, wakaangalia tena, mpira ulikuwa bado uko kwenye vidole wakati taa inawaka. Bao hakuna. Tukavua makoti.

Ovataimu, muda wa nyongeza mkitoka sare, kwa vyuo ni dakika tano, na sare tena mnaongeza nyingine. Ya kwanza sare. Ya pili sare. Ya tatu mume wa mama akalala kwenye kochi. Ya nne mdogo wangu akanitumia meseji kutoka Dar, huku ni asubuhi ya Ijumaa yuko kwenye daladala anauliza Hasheem kafanyaje, nikamjibu bado wanacheza, akasema kaka acha utani mechi gani hiyo. Na hapo mzee akaishiwa ukurasa, maana daftari zile zina nafasi ya ovataimu moja au mbili, nani atachapisha daftari lenye ovataimu sita, akachukua bahasha ya bili ya umeme akaichana ikawa bapa akaigundisha kwa selotepu, akaendelea. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo tano. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70, hebu fikirieni, na nyinyi hapa dakika kumi mnaomba maji. (Kicheko.) Katika ovataimu zote tano za mwanzo Syracuse hawakuwahi kuongoza hata sekunde moja, wanakimbiza tu, wanakimbiza, mpaka ya sita ndio Andy Rautins akafungua na pointi tatu na hapo miguu ya UConn ikakata. 127 kwa 117. Saa saba na dakika 22 usiku. Nilienda kazini bila kulala, nikampa mzee mmoja uji mara mbili.

Sasa sikilizeni. Hii stori nimeihadithia hapa Dar miaka na miaka. Harusini, kwenye kahawa, kwenye foleni ya benki. Na kila mara nilikuwa nasema, ovataimu ya sita Hasheem yuko chini ya goli, amechoka, amesimama na mikono kiunoni kama minara miwili. Namwona kabisa. Rangi ya soksi naiona.

2018 nikarudi Hartford kusalimia. Mzee alishafariki, mjukuu wake ndiye anakalia kile kiti na madaftari yako kwake, maboksi manne. Tukafungua la 2009. Hasheem pointi 19, ribaundi 14, bloku 6, halafu msalaba mwekundu, faulo ya tano, katoka. Ovataimu ya sita hayumo! Alikuwa benchi. Yule niliyekuwa namwona kiunoni mikono sijui nilimtoa wapi, mama akasema labda ni wa mechi nyingine, mjukuu akasema labda ni wewe ndio ulisimama hivyo sebuleni kwetu. Bado tunabishana mpaka leo na mimi sijakubali moja kwa moja (mtu mmoja ukumbini: "kubali tu mzee!"). Sikubali.

Na pale pembeni, yale maandishi madogo, nikayasoma. Hayakuwa faulo. Ameandika, "magoti amelala ovt 3." "Koti mara mbili." Mechi nyingine ya mwezi huo ameandika, "Tanzania hayupo, zamu." Nyingine, "Tanzania na skafu." Nikafungua ya 2008, "Tanzania ameuliza ribaundi ni nini, nimemweleza, hajaelewa." Miaka yote hiyo nilidhani yule mzee hata jina langu halijui, na kweli hakulijua, lakini mahudhurio yangu anayo kuliko mwajiri wangu.

Niwaulize nyinyi mnaokuja hapa kila wikiendi. Mechi za ligi yetu ya mkoa, Pazi, Vijana, Savio, Oilers, JKT, kuna wazee humu waliziona zikichezwa kwenye sakafu ya saruji. Nani ameandika? Nani anakumbuka alikaa na nani? Kuna mama anauza karanga pale getini, ameangalia mechi nyingi kuliko kocha yeyote aliyemo humu, jana nimemuuliza akanitajia faulo ya fainali moja kama imetokea asubuhi. Mtu aende na penseli akakae naye, tafadhali, kabla hatujaanza wote kuona soksi ambazo hazikuwepo.

Naona vijana wameanza kupasha, namalizia. Yule mama bado yupo, tunatumiana voice note. Kwa kweli yeye moyo wake uko kwa timu ya wanawake, mwaka huohuo wa 2009 walishinda mechi 39 bila kufungwa hata moja, wanaume alikuwa anawaangalia kama mtu anayeangalia tamthilia akisubiri taarifa ya habari. Lakini 2023 wanaume walifika fainali, tena Houston, kulekule Hasheem alikosomea, UConn na San Diego State. Huku ilikuwa Ramadhani, mechi inaanza saa kumi na kitu alfajiri, nikaila daku nayo, simu imeegemea chupa ya chai, mapumziko nikaswali, ikaisha kumekucha, 76 kwa 59. Dakika mbili baadaye simu ikaita mlio. Voice note. Watu wanapiga kelele nyuma wanaitaja herufi moja moja, U, C, O, N, N, na mama sauti imekauka anajaribu kuwapita. Anasema, umeona? Umeona? Halafu akashusha sauti kidogo, akasema, kile kiti chako siku hizi anakalia mtoto wa jirani, mtoto mzuri, ila bisi zote anamwagia chini.