Kadi ya Mtandao Inapokataa Toleo Jipya

Wandugu, wazee wetu mliofika, na vijana wa informatika, karibuni. Wengi mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mna safari ya kurudi Katuba na Ruashi giza likiingia, kwa hiyo naingia kwenye mada.

Seva moja leo inaweza kubeba kazi ya kliniki nzima: mapokezi, maabara, duka la dawa, malipo, kila moja kwenye mashine pepe yake, yaani kompyuta ya programu iliyo ndani ya seva. Fundi anapotaka kupandisha toleo la mfumo unaobeba mashine pepe hizo, hukagua diski, hukagua memori, hunakili data, huhakikisha betri za inveta zimejaa. Yote hayo ni sawa. Kadi ya mtandao, ile inayoiunganisha seva na kebo ya mtandao, haiulizwi kitu, kwa sababu jana ilifanya kazi. Seva inawaka upya, mashine pepe zote ziko hai, lakini mapokezi hawapati maabara na duka la dawa halipati chochote. Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki: kadi ndiyo inayoamua seva yako inaweza kupanda hadi toleo gani, na jibu lake linapatikana kabla hujagusa kitu.

Nianze na ESXi ya VMware, mojawapo ya mifumo inayobeba mashine pepe, maana huko ndiko vilio vingi vinakotoka. Kwa miaka mingi ESXi iliazima draiva za Linux, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa. Ndani yake kulikuwa na tabaka liitwalo vmklinux, ambalo kazi yake ilikuwa kuziwezesha draiva zilizoandikwa kwa ajili ya Linux zifanye kazi mahali pasipo Linux. Toleo la 5.5, mwaka 2013, likaanza kuleta draiva za asili, zilizoandikwa kwa ajili ya ESXi yenyewe. Toleo hilohilo liliondoa draiva za Realtek kwenye diski ya kusakinisha. Aliyepandisha kutoka 5.1 alibaki nazo, aliyesakinisha upya alizikosa. Tazameni hapo: mashine mbili zinazofanana kabisa, toleo moja, moja ina mtandao na nyingine haina. Fundi asiyejua historia hiyo anaweza kupoteza usiku mzima akibadilisha kebo.

Kisha likaja 7.0, Aprili 2020, na vmklinux ikaondolewa kabisa. Draiva yoyote ya zamani iliyoitegemea ilikufa siku hiyo, hata kama ulikuwa umeihifadhi vizuri kwenye flashi. Mojawapo ya kadi zilizoachwa ni Broadcom BCM5709, ile iliyomo ndani ya seva za Dell R710 na HP DL380 G7. Mnazijua mashine hizo. Kuna watu waliotaka kuzipandisha kwa nguvu: prosesa zake nazo zilikuwa zimeachwa, wakaongeza allowLegacyCPU=true wakati wa kuwasha, prosesa ikapita. Kadi haikupita, kwa sababu kadi haina neno la kuilazimisha. Bila draiva hakuna kitu cha kuzungumza nayo.

Na 8.0, Oktoba 2022, likaiacha familia ya Mellanox ConnectX-3. Hizi ni kadi za gigabiti 10 na 40, imara, na kwenye soko la mitumba bei yake ni nafuu. Unafuu huo una sababu, na sababu mojawapo ndiyo hii ninayowaeleza.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Anayeamua kadi ipi iachwe yuko mbali, na anafanya hesabu kwa ajili ya wateja wanaobadilisha seva kila baada ya miaka michache. Mashine inayopita mpaka wa Kasumbalesa kuja kwetu Lubumbashi mara nyingi imeshamaliza maisha yake ya kwanza kule ilikotoka. Hapa inaanza ya pili, na inafanya kazi ya maana sana: inatunza majina ya wagonjwa, alama za wanafunzi, akiba za kina mama wa soko. Kwa hiyo sisi, kuliko mafundi wa London au Chicago, ndio tunaopaswa kuijua kadi yetu kwa namba zake.

Namba zenyewe ni nne. Kwenye ESXi, fungua konsoli uandike vmkchdev -l, kisha utafute mstari wenye vmnic. Utaona kitu cha namna hii: 0000:03:00.0 14e4:1639 1028:0235 vmkernel vmnic0. Sehemu ya kwanza ni mahali kadi ilipokaa kwenye ubao. 14e4 ni Broadcom. 1639 ni chipu yenyewe, BCM5709. 1028 ni Dell, na 0235 inasema ni ile iliyomo ndani ya R710. Namba hizo nne ndizo unazozipeleka kwenye orodha rasmi ya vifaa vinavyokubaliwa, pamoja na toleo unalotaka. Msiende na jina lililoandikwa kwenye boksi, wala na maneno ya muuzaji. Jina moja la biashara linaweza kufunika chipu tofauti. Kwenye Linux amri ni lspci -nn, nayo inakuonyesha mbili za kwanza ndani ya mabano ya mraba. Ukiongeza -v utapata na nyingine mbili.

Mkishaipata kadi kwenye orodha, msiishie hapo. Orodha inataja draiva ya toleo fulani pamoja na fimwea (programu iliyomo ndani ya kadi yenyewe) ya toleo fulani, na hivyo viwili vinakwenda pamoja. Draiva mpya juu ya fimwea ya zamani inaweza kuwaka, ikafanya kazi asubuhi, kisha ikaangusha mtandao saa ambayo kazi imekuwa nyingi. Andika esxcli network nic get -n vmnic0, usome zote mbili.

Jambo jingine linalowaumiza watu ni namna ya kupandisha. Kuna esxcli software profile update na kuna esxcli software profile install. Ya kwanza inapandisha vilivyomo na kuacha draiva ulizoongeza mwenyewe. Ya pili inaifanya seva ifanane na picha mpya, yaani faili kamili ya kusakinisha, na kisichokuwemo kinaweza kuondolewa, pamoja na draiva ya kadi yako. Na kama seva yako ilisakinishwa kwa picha ya HPE au ya Dell, usiipandishe kwa picha ya kawaida kwa sababu tu ndiyo uliyoipata haraka. Kisakinishi kikilalamika kwamba kuna vifurushi vinavyokosa vitegemezi, kinakusaidia. Soma majina ya vifurushi hivyo. Mara nyingi ni draiva za zamani zilizosahaulika, nyingine za kadi ambayo hata haimo tena ndani ya mashine, na hizo unaweza kuziondoa bila hofu. Lakini kama jina ni la draiva ambayo vmnic0 inaitumia sasa hivi, simama hapo.

Msitegemee pia kwamba mtarudi nyuma kirahisi. ESXi huhifadhi nakala mbili za kuwashia, na ukibonyeza Shift na R wakati wa kuwasha unaweza kurudi kwenye iliyotangulia. Ila ukitoka 6.x kwenda 7.0 njia hiyo imefungwa, kwa sababu mpangilio wa diski ya mfumo umebadilishwa. Kurudi ni kusakinisha upya.

Sasa Proxmox, mfumo mwingine wa kubeba mashine pepe, uliojengwa juu ya Linux, ambao wengi mmehamia. Huko tatizo mara nyingi ni la namna nyingine. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo, inatunza draiva za zamani kwa muda mrefu. Ile BCM5709 niliyowaambia imekataliwa na ESXi 7, huku bado inafanya kazi. Kwa mashine za mitumba mimi naipendelea njia hii, na nasema hivyo bila kusita. Kinachotokea huku ni kadi kubadilika jina. Draiva ipo, kadi inaonekana, lakini jana iliitwa enp3s0f0 na leo, baada ya kerneli mpya, inaitwa enp3s0f0np0. Faili ya /etc/network/interfaces bado inasema daraja vmbr0, linalounganisha mashine pepe na kadi, limefungwa kwenye enp3s0f0. Ni kama mtu aliyebadilisha jina huku barua zake zikiendelea kuandikwa kwa jina la zamani: yupo nyumbani, lakini hazimfikii. Lilipotoka toleo la 8.2, Aprili 2024, na kerneli ya 6.8, watengenezaji wenyewe waliwatahadharisha watu juu ya jambo hili. Hata kuongeza kadi nyingine kwenye ubao kunaweza kusogeza namba za nafasi na kubadilisha majina.

Dawa yake ni kulifunga jina kwenye anwani ya MAC, namba ya kudumu ya kadi, kabla ya kupandisha. Unaandika faili ndogo ndani ya /etc/systemd/network, yenye mwisho wa .link, inayosema: kadi yenye MAC hii iitwe lan0. Unaandika lan0 kwenye interfaces pia, mahali pa jina la zamani, unaendesha update-initramfs -u -k all, unawasha upya ukiwa bado kwenye toleo la zamani, unathibitisha. Ndipo unapandisha. Toleo la 9, lililotoka Agosti 2025, limeleta chombo cha kufanya hivyo, pve-network-interface-pinning, lakini kama bado uko 7 au 8, faili hiyo inatosha.

Kwa walio na Hyper-V, mfumo wa Microsoft wa kubeba mashine pepe, nitasema kwa ufupi. Msaada wa Windows Server 2012 R2 ulikoma tarehe 10 Oktoba 2023, na wengi wanarukia 2022. Kama ulikuwa umeunganisha kadi mbili kwa njia ya zamani ya LBFO, ukaweka swichi pepe juu yake, 2022 haiitaki tena njia hiyo. Inataka SET, njia mpya ya kuunganisha kadi ndani ya swichi pepe yenyewe, na SET inataka kadi zinazofanana, draiva moja. Tundu moja la Broadcom na moja la Intel halitakubalika. Na wenye kadi za Broadcom za gigabiti 1, mkiona mashine pepe zinakuwa nzito mno kwenye mtandao huku seva yenyewe ikienda vizuri, zimeni VMQ, foleni za mtandao zinazotengwa kwa kila mashine pepe. Kwenye kasi hiyo haiwapi faida yoyote.

Kuna kazi ya mbali pia. Yupo anayekaa hapa Lubumbashi na kupandisha seva iliyoko Likasi au Kolwezi kupitia kadi ileile anayoipandishia. Jamani, msifanye hivyo. Kama seva ina iLO (ya HP) au iDRAC (ya Dell), njia za kuiendesha seva kwa mbali nje ya mfumo wake, unganisheni tundu lake kwanza na mjaribu kuona skrini kwa njia hiyo. Kama haina, awepo mtu pale mwenye kibodi na skrini. Na kwenye begi beba adapta ya USB ya Ethaneti. Linux inazitambua nyingi bila kuongeza kitu, na inatosha kushusha draiva au kunakili faili. Usiiache ibebe mashine pepe za kliniki mpaka wiki ijayo.

Niliahidi nafasi ya maswali. Dada pale nyuma.

“Papa Injinia, mimi nilihamisha mashine pepe ya Windows kutoka ESXi kwenda Proxmox. Kadi ya seva iko sawa, nyingine zote zina mtandao, hii moja haina. Tena nikitaka kuandika anwani ya IP inaniambia tayari inatumika.”

Asante, dada. Hapo tatizo halipo kwenye kadi ya chuma, lipo kwenye kadi pepe iliyo ndani. Kule mashine ilikuwa na vmxnet3, huku umeipa virtio, na Windows haina draiva ya virtio mpaka uiwekee. Kwa sasa badilisha kadi pepe iwe e1000, ambayo Windows inaijua, upate kuingia. Pachika ISO ya virtio-win, weka draiva, kisha urudi kwenye virtio. Kwa mashine utakazohamisha baadaye, weka draiva hizo zikiwa bado kule ESXi. Na ile anwani inayosema inatumika, inashikiliwa na kadi ya zamani ambayo haipo tena. Fungua kidhibiti cha vifaa, chagua kuonyesha vilivyofichwa, utaikuta vmxnet3 imefifia. Iondoe, kisha uandike anwani yako.